Ndege Mdogo wa Milima ya Taita

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, kwa gari moshi au kwa barabara, akifika karibu na Voi huona upande wa magharibi milima iliyosimama peke yake katikati ya nyika. Chini ni vumbi jekundu, mibuyu na vichaka vya miiba. Juu ni mawingu na rangi ya kijani. Hiyo ndiyo milima ya Taita, na kilele chake kirefu kuliko vyote, kiitwacho Vuria, kina mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Aghalabu msafiri huyo hutazama mara moja, husema moyoni kwamba nchi ile imejaliwa misitu, kisha huendelea na safari yake. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kijani kile akionacho si cha namna moja, na kwamba tofauti iliyomo ndani yake imekuwa jambo la kufa na kupona kwa ndege mmoja mdogo asiyepatikana penginepo popote duniani.

Ndege huyo wataalamu humwita apalisi wa Taita. Ni kiumbe ambaye mtu aweza kumfumba katika kiganja cha mkono. Uzito wake haufiki gramu 15. Mkia wake ni mrefu na mwembamba, mgongo wake wa kijivu, koo lake jeusi, tumbo lake jeupe, na jicho lake lina weupe kama wa maziwa. Chakula chake ni wadudu, na huwatafuta katika majani ya vichaka vya chini, si juu kwenye vilele vya miti. Huko huko chini, karibu na ardhi, hujenga kiota chake, chenye umbo la kifuko na mlango ubavuni. Jamii ya ndege hawa hujulikana kwa tabia moja ya kupendeza: dume na jike huimba kwa kujibizana, mmoja akianza, mwenziwe hudakia, hata asiyejua hudhani kuwa anamsikia ndege mmoja tu. Sauti yao ni kubwa kupita miili yao. Mtu apitaye katika msitu wa Ngangao asubuhi yenye ukungu yamkini asimwone kabisa, lakini akisimama kimya aweza kumsikia.

Yafaa tujue kwanza ndege huyu alifikaje kuwa mwenyeji wa mahali padogo hivyo. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale sana ambayo huanzia Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, ikaishia Udzungwa katika Tanzania. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu; zikikutana na milima hiyo hupanda, hupoa, na unyevu ule huwa ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo, hata katika zama ambazo Afrika ilikauka na misitu ya nchi tambarare ikafa, misitu ya milima hii haikukoma. Ilibaki kama visiwa, na nyika ikawa bahari yake. Viumbe waliokuwamo hawakuweza kuvuka bahari hiyo ya miiba na jua. Wakakaa, wakazaana wao kwa wao kwa maelfu na maelfu ya miaka, mpaka wakawa tofauti na ndugu zao wa milima mingine. Taita ina kinyonga wake, ina vipepeo wake, ina ua lake la rangi ya zambarau liotalo katika kivuli cha Mbololo, nayo ina ndege zake.

Wa kwanza katika ndege hizo kuandikwa katika vitabu vya elimu hakuwa apalisi. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Edmund Heller, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya kwao, alipanda mlima Mbololo akapata ndege mweusi wa kichwa na kifua, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu nyekundu. Mwaka 1913 Edgar Mearns alimweleza ndege huyo na kumpa jina la Heller. Apalisi alisubiri hata mwaka 1938, alipoelezwa na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakumhesabu kuwa ni ndege wa kabila lake mwenyewe. Walisema ni tawi tu la ndege mwingine ambaye ameenea kutoka Afrika ya Mashariki mpaka Afrika Kusini. Msomaji aweza kudhani kuwa hayo ni mabishano ya watu wa vitabu yasiyo na faida. Si hivyo. Tawi likikatika watu husema mti ungaliko. Na muda wote ambao apalisi alihesabiwa kuwa tawi, kupungua kwake hakukumshtua mtu.

Bila shaka wenyeji walimjua kabla ya Heller na Moreau kuzaliwa. Wataita walikuwa wakulima hodari wa milimani, wachimbaji wa mifereji ya kupeleka maji mashambani, nao walikata misitu kama wakulima wote wakatavyo. Lakini walikuwa pia na sehemu zao za msitu ziitwazo fighi. Fighi ilikuwa mahali patakatifu. Iliaminiwa kuwa huilinda nchi na maadui na mabaya, na miti yake haikuguswa na shoka. Sisemi kwamba wazee wale walizitunza fighi kwa ajili ya ndege. Hawakuwa na haja ya kufikiri hivyo. Ila katika kuilinda nchi yao waliacha vipande vya msitu wa asili vikiwa vizima kuanzia miti mirefu mpaka magugu ya chini, na ndege akafaidi kwa jambo ambalo hakukusudiwa. Baadhi ya vipande hivyo vingali vinaonekana mpaka leo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ambayo ni vigumu kumlaumu mtu mmoja. Kufika mwaka 1898 reli ilikuwa imekwisha kupita Voi. Ardhi pana ya chini, huko Mwatate na Voi, ikawa mashamba makubwa ya mkonge. Kisha, mwaka 1948, nyika iliyoizunguka milima ikafanywa hifadhi ya wanyama ya Tsavo, mojawapo ya hifadhi kubwa za dunia. Tembo, simba na vifaru walipewa nchi yenye ukubwa ambao macho hayawezi kuumaliza. Watu nao walikuwa wakiongezeka, kama ilivyokuwa katika Kenya nzima. Wangekwenda wapi? Chini kulikuwa na mkonge na mbuga, na pasipokuwa na mkonge wala mbuga palikuwa pakavu. Walibaki na milima, na juu ya milima ndiko kulikokuwa na udongo mzuri na mvua. Basi mashamba yakapanda hatua kwa hatua kuelekea vileleni, mahindi yakafuatwa na mboga, na msitu ukarudi nyuma. Naona hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa hifadhi zetu hawalitaji sana: hifadhi iliyowekwa kwa ajili ya wanyama wakubwa ilisaidia kuwasukuma watu kwenye makao ya mnyama mdogo. Hapakuwa na mtu aliyekusudia hivyo. Tembo huonekana toka mbali. Apalisi yataka mtu apande mlima ndipo amsikie.

Serikali haikukaa kimya kuhusu vilele vilivyokuwa vikibaki uchi. Idara ya misitu ilipanda miti, na kazi hiyo iliongezeka katika miaka ya 1950 mpaka 1970. Lakini miti iliyopandwa ilikuwa misonobari na mikaratusi, yaani miti ya kigeni inayokua upesi, inyokayo na kutoa mbao na nguzo. Kwa haja ya mbao lilikuwa shauri la busara. Nyumba zahitaji mapaa na shule zahitaji madawati, na kama mbao hizo zisingalitoka katika misonobari zingalitoka katika msitu wa asili. Kosa halikuwa kupanda misonobari. Kosa lilikuwa kuiita misonobari msitu, kisha kuridhika.

Jambo hili lilipimwa kwa njia iliyo wazi sana. Mwaka 1955 ndege za angani zilipiga picha za milima ya Taita. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki wakishirikiana na Wakenya walizilinganisha picha zile na nyingine zilizopigwa mwaka 2004. Waliona kwamba katika muda huo wa miaka karibu 50, nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka. Walakini walipohesabu miti yote pamoja, ya asili na ya kupandwa, waliona kwamba eneo lenye miti lilikuwa limepungua kidogo sana, kiasi cha asilimia 2 tu. Fikiri maana ya hesabu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega. Mtu aliyetazama kutoka Voi mwaka 1955 na tena mwaka 2004 asingaliona tofauti. Milima ilikuwa kijani, na ingali kijani. Na chini ya kijani hicho nusu ya nyumba ya apalisi ilikuwa imebomolewa.

Ukiingia katika shamba la misonobari utafahamu mara moja. Shina husimama karibu na shina, kwa mistari. Chini ni zulia la majani makavu kama sindano, na mimea iotayo katikati yake ni michache. Hewa ina harufu nzuri, na mtu aweza kupapenda mahali hapo kwa matembezi. Lakini pasipo na vichaka vya chini hapana pa kuficha kiota kilicho karibu na ardhi, na pasipo na mimea ya namna nyingi hapana wadudu wa namna nyingi. Kwa apalisi mahali hapo ni jumba kubwa lisilo na jiko wala kitanda.

Hata msitu wa asili uliobaki si mmoja. Umekatika vipande: Mbololo una hektari 200 hivi, Ngangao 120, Chawia 90, na vinginevyo, kama Fururu, Msidunyi na kile kilichopo Vuria, ni vidogo zaidi. Msitu uliokatika vipande una ukingo mwingi na kitovu kidogo; maadui wa mayai na makinda hufika upesi kila mahali, na viota vingi huliwa kabla ya makinda kuruka. Tena watu huingia kutafuta kuni, fito na malisho, nao huchukua zaidi ile mimea ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Mwanamke anayebeba mzigo wa kuni kutoka Ngangao hajakata mti hata mmoja mkubwa, wala hajavunja desturi ya mama yake. Lakini amechukua kichaka.

Yule ndege mwingine wa Mbololo, mwenye mdomo wa chungwa, alitoa onyo la ajabu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Kenya na Ubelgiji waliwanasa ndege hao, wakawavisha pete za rangi miguuni, wakawapima na kuwaachia. Katika kuwapima waligundua kwamba ndege wa Chawia, msitu ulioharibiwa kuliko mingine yao, hawakulingana sawasawa pande mbili za mwili: mfupa wa mguu wa kulia ulitofautiana na wa kushoto, kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini kipimo hukiona. Ndivyo mwili uonyeshavyo dhiki ya mahali ulipokulia. Waligundua pia kwamba ndege wenye pete walivuka kwa nadra sana kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, ijapokuwa misitu hiyo huonana kwa macho.

Na apalisi? Hesabu ya mwaka 2001 ilikisia kwamba walibaki kati ya 300 na 650 ulimwenguni kote. Shule moja ya sekondari ya Kenya yaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao. Ndege walipotafutwa tena mwaka 2009 na 2010, walisikika mara chache zaidi kuliko mara ya kwanza. Sasa amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Baada ya daraja hilo hakuna jingine ila la wale ambao hawaonekani tena porini.

Wako watu ambao wakisikia habari kama hizi husema kwamba basi limekwisha, na kwamba fedha na jitihada zitumiwe kwingine. Kuwajibu hao naomba tuiache Taita kwa muda mfupi, tuifuate Bahari ya Hindi kuelekea mashariki mpaka visiwa vya Shelisheli, vilivyo karibu mstari mmoja na Taita kusini mwa Ikweta. Huko kuna kisiwa kidogo kiitwacho Cousin, chenye eneo lisilofika hektari 30. Katika karne ya ishirini kisiwa hicho kilifanywa shamba la minazi. Mnazi ni mti mwema, na sisi watu wa Kenya hatuhitaji kufundishwa heshima yake. Lakini palipokuwa na minazi mitupu ndege wa asili wa kisiwa hicho hawakupata pa kuishi. Mmoja wao, mwimbaji mdogo wa rangi ya kijani kilichofifia ambaye wenyeji humwita Timerl Dezil, alikuwa amekwisha toweka katika visiwa vyake vingine, na kufika miaka ya 1960 dunia nzima haikuwa na ndege wa namna hiyo zaidi ya 30. Wote walikuwa Cousin.

Tazama sasa yaliyofanyika. Mwaka 1968 Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege lilikinunua kisiwa kizima. Hawakujenga vizimba wala kuwalisha ndege kwa mkono. Waliacha kuitunza minazi, wakang'oa miche yake ilipochipua, wakaiachia nafasi miti ya asili. Kazi iliyobaki ilifanywa na mvua na mbegu. Miti ya kale ikarudi, wadudu wakarudi pamoja na majani yake, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege wale walikuwa zaidi ya 300, hata kisiwa kikawajaa. Mtaalamu wa Kiholanzi, Jan Komdeur, aliona kwamba vijana wao walipokosa mahali pa kujenga walibaki kwa wazazi wakasaidia kulea wadogo zao. Mwaka 1988 ndege 29 walipelekwa kisiwa cha Aride, na huko, kwa kuwa nafasi ilikuwa tele, vijana waliacha kusaidia wakaanza nyumba zao wenyewe. (Sijui kama wazazi walisikitika.) Mwaka 1990 wengine 29 walipelekwa Cousine, mwaka 2004 wengine 58 Denis, na mwaka 2011 wengine 59 Frégate. Kutoka wale wasiozidi 30 wamepatikana zaidi ya 2,000, na ndege huyo hahesabiwi tena miongoni mwa walio hatarini.

Sitaki msomaji anifahamu vibaya. Taita si Cousin. Cousin ilikuwa shamba la mwenye mali aliyekubali kuuza. Taita ni nchi ya watu, yenye makaburi ya babu zao na karo za watoto wao, na hapana mwenye haki ya kuwaambia washuke ili ndege apande. Lakini mambo mawili yanafanana. Katika Taita, kama katika Cousin, ndege alipungua mahali ambapo miti haikukosekana. Na katika Taita, kama katika Cousin, sehemu ya nchi iliyotwaliwa na miti ya kigeni si shamba la mahindi la mtu yeyote: ni misonobari na mikaratusi, ambayo siku moja itavunwa kwa kuwa ilipandwa ili ivunwe. Itakapovunwa patakuwa na uwazi, na uwazi huo wapaswa kuamuliwa. Ukipandwa misonobari mingine, kijani kitarudi upesi na hesabu ya miti itapendeza. Ukiachiwa miti ya asili pamoja na magugu yake, kwa miaka kadhaa utaonekana kama pori lisilotunzwa, na wapitao watauliza kwa nini ardhi inachezewa.

Hilo la magugu ndilo gumu kuliko yote, kwa maana linapingana na malezi yetu. Tumefundishwa tangu utoto kwamba mahali pazuri ni mahali palipofyekwa. Mtoto husifiwa kwa ua uliofagiwa, mkulima kwa shamba lisilo na gugu, na mlinzi wa msitu kwa mistari iliyonyoka. Apalisi anaomba kinyume chake.

Katika vijiji vilivyo kandokando ya misitu hiyo viko vikundi vya wananchi ambavyo vimeanza kuotesha miche ya miti ya asili katika vitalu, kufuga nyuki ukingoni mwa msitu, na kupanda miti ya kuni mashambani ili shoka lisiingie Ngangao. Wanayo sababu yao wenyewe, nayo yatosha hata kama ndege asingalikuwapo: vijito vinavyonywesha mashamba ya Wundanyi na kuteremka mpaka nyikani huanzia katika misitu hiyo ya ukungu. Kati ya Ngangao na Chawia ni masafa ambayo mwanafunzi mwenye miguu mizuri aweza kuyatembea asubuhi akarudi kabla ya jua kuchwa. Njiani atapita mashamba ya mahindi, migomba, nyumba, makanisa na safu za mikaratusi. Na hapa na pale, penye mteremko mkali au penye fighi ya zamani, ataona kichaka cha asili kisichozidi ukubwa wa uwanja wa mpira. Ndege aliyezoea kivuli hawezi kuuvuka mwendo wote huo kwa mara moja. Kutoka kichaka mpaka kichaka, yamkini aweza.